Fritz Behn na tembo wa Bremen: Mchongaji Mjerumani aliyelichukua neno "haidhuru"

Katika foleni ya malori inayoukaribia mpaka wa Malaba, kuna neno moja ambalo halipiti siku bila kusikika. Karatasi za forodha zimechelewa, haidhuru. Mvua imenyesha na tope limefika magotini mwa utingo, haidhuru. Wengi wetu huku bara, ambao Kiswahili si lugha ya mama bali ni lugha ya barabara, soko na kambi, hulitamka neno hilo "haizuru", kwa kuwa ile dh ya watu wa pwani hugeuka z katika ndimi zetu.

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita Mjerumani mmoja alilichukua neno hilo katika safari zake za Afrika Mashariki, akaliandika kwa z, akaliweka juu ya jalada la kitabu. Kitabu hicho, Haizuru, kilichapishwa Ujerumani wakati Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, na kilieleza maisha ya mchongaji sanamu barani Afrika. Mwandishi wake alikuwa Fritz Behn.

Leo jina la Behn halifahamiki sana katika Afrika Mashariki. Lakini kazi yake kubwa kuliko zote, tembo wa matofali mwenye kimo cha kama mita 10, bado imesimama karibu na kituo kikuu cha treni cha mji wa Bremen, kaskazini mwa Ujerumani. Tembo huyo alijengwa kuyaomboleza makoloni yaliyopotea, yakiwemo ya Afrika Mashariki. Sasa ni mnara wa kuupinga ukoloni. Historia ya mnara huo haieleweki bila ya maisha ya aliyeubuni, na maisha ya aliyeubuni yanatuhusu sisi pia, ambao babu zetu walibeba mizigo ya vita ambavyo tembo yule aliwekwa kuvikumbuka.

Mjukuu wa meya

Fritz Behn alizaliwa tarehe 16 Juni 1878 katika kijiji cha Klein Grabow, eneo la Mecklenburg, kaskazini mwa Ujerumani. Ukoo wake ulikuwa wa watu wenye cheo. Babu yake, Heinrich Theodor Behn, alikuwa meya wa Lübeck, mji wa bandari uliotajirika kwa biashara ya Bahari ya Baltiki. Kijana wa nyumba kama hiyo alitarajiwa kuwa mwanasheria, mfanyabiashara au afisa wa jeshi. Behn alichagua udongo wa kufinyangia na patasi.

Mwishoni mwa karne ya 19 alihamia Munich, kusini mwa nchi, mji uliokuwa na sifa kubwa kwa wasanii. Huko alisoma katika Chuo cha Sanaa chini ya mwalimu Wilhelm von Rümann, aliyejulikana kwa minara ya watawala na kwa simba wa mawe wanaolinda ngazi za jengo la Feldherrnhalle mjini humo. Kwa hiyo tangu ujana wake Behn alijifunza kazi mbili ambazo zingemfuata maisha yake yote: kumtukuza mtu mkubwa kwa jiwe au shaba nyeusi, na kumfanya mnyama wa porini aonekane hai.

Wachongaji wengi wa Ulaya wa zama hizo waliwajua simba na tembo kutokana na bustani za wanyama, ambako simba aliyezungukwa na nondo hulala mchana kutwa na misuli yake hulegea. Behn hakuridhika na wanyama wa namna hiyo. Alitaka kumwona mnyama akitembea, akinusa upepo, akikimbia. Hamu hiyo ndiyo iliyomleta kwetu.

Safari, bunduki na udongo

Kati ya mwaka 1907 na 1910 Behn alifunga safari mbili za Afrika Mashariki. Alikuja kama walivyokuja Wazungu wengi wenye uwezo wakati huo: akiwa na bunduki ya kuwindia na msafara wa wapagazi waliobeba mahema, chakula na vifaa vyake. Alipiga wanyama, akawatazama kwa karibu, akachora na kufinyanga. Kwa mchongaji, mzoga ulikuwa pia kitabu cha masomo. Aliweza kuona namna bega la nyati linavyoungana na shingo, au namna ngozi ya tembo inavyokunjamana juu ya goti. Michoro na mifano ya udongo ikafuata, na baadaye, katika karakana yake mjini Munich, ikawa sanamu za shaba nyeusi.

Wanyama hao ndio waliompa jina. Simba, chui na paa waliotoka mikononi mwake walionekana na wakosoaji kuwa wa kweli kuliko wale wa wenzake, kwani mchongaji alikuwa amewaona katika nchi yao. Alichonga pia sura za Waafrika. Ni mikono ya Waafrika iliyombebea udongo wake na kumwinua alipochoka, nao ndio waliompa lile neno alilolipenda kiasi cha kuliweka juu ya kitabu.

Jambo moja ni muhimu kukumbukwa hapa. Behn aliwasili mara ya kwanza mwaka 1907, wakati Vita vya Maji Maji vikifikia mwisho kusini mwa koloni la Wajerumani, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Jeshi la wakoloni liliyashinda makabila yaliyoasi kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala, na njaa ikamaliza kazi ambayo risasi ziliianza. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana, kuanzia 75,000 hadi 300,000. Ardhi ambayo kwa mgeni mwenye bunduki ilikuwa bustani kubwa ya wanyama, kwa wenyeji ilikuwa ardhi ya makaburi mapya. Neno "haidhuru" maana yake ya asili ni kwamba jambo halileti madhara. Lilimfaa mwindaji aliyekuwa akirudi hemani jioni. Huko kusini madhara yalikuwa bado hayajahesabika.

Minara ya watu na mnara wa mnyama

Wakati Behn anawinda, serikali ya Kijerumani ilikuwa tayari ikijaza makoloni yake kwa minara ya mashujaa wake. Mwaka 1909 ilizinduliwa mjini Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa zamani aliyeongoza majeshi yaliyovunja upinzani wa watu wa pwani. Aliyeichonga alikuwa Mjerumani mwingine, Adolf Kürle. Wissmann alisimama juu, mikono yake ikiegemea upanga. Chini yake alisimama askari wa Kiafrika akiwa na bendera, uso ameuinua kumtazama bwana wake. Mtu asiyejua kusoma aliuelewa ujumbe huo mara moja.

Behn alifikiri kwa njia nyingine. Mwaka mmoja kabla ya vita kulikuwa na mipango ya kujenga mjini Berlin mnara wa kuwakumbuka Wajerumani waliokufa katika makoloni. Yeye akapendekeza tembo. Hakukuwa na jenerali katika wazo lake, wala upanga, wala askari aliyeinua uso. Mwaka 1914 vita vikazuka na mnara wa Berlin haukujengwa. Wazo la tembo likabaki.

Vita hivyo vilifika Afrika Mashariki na kudumu hadi Novemba 1918, pale kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alipoweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia. Kwa kuwa mbung'o waliua farasi na ng'ombe, na barabara zilikuwa chache, majeshi ya pande zote mbili yaliishi kwa migongo ya watu. Kutoka Nyanza, kutoka pande hizi za Busia na kutoka Uganda, Waingereza walichukua vijana kwa maelfu, wengine kwa hiari na wengi kwa amri ya machifu. Hesabu rasmi ya Waingereza inataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wao peke yake, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Kikosi chao cha uchukuzi ndicho kilichotuachia jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, na Kariokor ya Nairobi. Upande wa Wajerumani wapagazi walikufa vivyo hivyo, na wanavijiji walionyang'anywa akiba zao za chakula walikufa bila hata kuandikwa.

Tembo wa matofali

Ujerumani iliposhindwa ilinyang'anywa makoloni yake yote. Kwa watu wa tabaka la Behn, hilo lilikuwa jeraha la heshima. Yeye mwenyewe alikuwa mzalendo wa mrengo wa kulia, na hakuficha kwamba aliitaka Ujerumani ya zamani irudi. Katika miaka ya 1920 alisafiri pia Amerika ya Kusini kikazi, na mwaka 1931 sanamu yake kubwa ya Bismarck, Chansela ambaye mwaka 1884 aliialika Ulaya mjini Berlin kujadili Afrika, ilisimamishwa Munich karibu na Jumba la Makumbusho la Ujerumani.

Ni wakati huohuo ambapo Bremen, mji wa wafanyabiashara waliochuma katika makoloni, uliliamsha wazo lake la zamani. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1931. Huku kwetu huo ulikuwa mwaka ambao reli iliyopita Eldoret na Tororo ilifika Kampala, ikiibeba pamba ya mashariki mwa Uganda kuelekea bandari ya Mombasa.

Kwa kuwa mnara ulitakiwa uwe mkubwa mno, Behn hakutumia shaba nyeusi. Alitumia matofali ya kuchoma ya rangi nyekundu iliyokolea, yale magumu ambayo nyumba nyingi za kaskazini mwa Ujerumani hujengwa kwayo. Matofali hayamruhusu mchongaji kuonyesha kila mkunjo wa ngozi. Humlazimisha kuacha madogo na kushika makubwa: uzito wa kichwa, upana wa masikio, miguu iliyosimama kama nguzo. Huenda ndiyo sababu tembo wa Bremen ana utulivu ambao sanamu nyingi za aina yake hazina.

Mnara ulizinduliwa tarehe 6 Julai 1932, na Lettow-Vorbeck mwenyewe, aliyekuwa mkazi wa Bremen, alihudhuria. Kwenye kitako cha sanamu yaliwekwa majina ya makoloni yaliyopotea, pamoja na sura yake na ya Adolf Lüderitz, mfanyabiashara wa Bremen aliyeanzisha koloni la Namibia. Chini kulikuwa na chumba cha kumbukumbu, na ndani yake kitabu chenye majina yapatayo 1,500 ya Wajerumani waliokufa vitani katika makoloni.

Sehemu kubwa ya jeshi la Lettow-Vorbeck ilikuwa Waafrika. Kitabu hakikuwa chao, wala hakikuwa cha wapagazi waliokufa njiani wakibeba risasi. Juu alisimama mnyama mkubwa wa Afrika, na chini yake majina ya wana wa Ulaya. Watu wa Afrika hawakuwa na mahali katika mnara uliojengwa kwa ajili ya nchi yao.

Miaka ya mwisho

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Behn alirudi tena Afrika Mashariki, na safari hiyo ikazaa kitabu kingine chenye jina lililotoka kwenye Kiswahili cha msafara, Kwa Makulla. Lakini miaka hiyo ilikuwa ya watawala wa kiimla, na mchongaji huyu alijikuta karibu nao. Alimchonga dikteta wa Italia, Benito Mussolini, na mwaka 1934 akachapisha kitabu kuhusu mkutano wao. Mwaka mmoja baadaye majeshi ya Mussolini yaliivamia Ethiopia. Chini ya utawala wa Wanazi Behn aliendelea kufanya kazi, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa profesa katika Chuo cha Sanaa cha Vienna.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, zama za minara aliyoijua zilikuwa zimekwisha pia. Aliishi miaka mingine 25, akiona makoloni yote ya Afrika Mashariki yakipata uhuru mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1962 Uganda ilipojitawala, mnara wa uhuru wa Kampala ulichongwa na Gregory Maloba, mzaliwa wa Mumias upande wa Kenya, si mbali na Busia, aliyejifunza na kisha kufundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Makerere. Maloba alichonga umbo la mama aliyefungwa kwa vitambaa, akimwinua juu mtoto aliye huru. Mchongaji wa mpakani petu alikuwa amepewa kazi ambayo zamani ilikuwa ya akina Kürle na Behn, naye akaweka watu pale ambapo wao waliweka upanga au mnyama.

Fritz Behn alifariki dunia mjini Munich tarehe 26 Januari 1970, akiwa na umri wa miaka 91.

Tembo abadilishiwa kazi

Kazi za wachongaji wa ukoloni hazikupata mwisho mmoja. Sanamu ya Wissmann iliondolewa Dar es Salaam na Waingereza, ikapelekwa Hamburg na kusimamishwa mbele ya chuo kikuu mwaka 1922. Mwaka 1968 wanafunzi waliivuta kwa kamba ikaanguka, na haikurudishwa tena. Haikuwezekana kuifanya iseme jambo jingine: bwana alikuwa juu na mtumishi chini.

Tembo wa Bremen alipata njia nyingine. Baada ya mwaka 1945 maandishi na sura za kwenye kitako ziliondolewa, naye akabaki kimya kwa miongo kadhaa. Katika miaka ya 1980 vyama vya wafanyakazi, vijana na makundi ya mshikamano na kusini mwa Afrika yalianza kukusanyika miguuni pake kupinga ubaguzi wa rangi. Tarehe 18 Mei 1990, miezi miwili baada ya Namibia kupata uhuru, mji ulimtangaza rasmi kuwa mnara wa kupinga ukoloni. Mwaka 1996 Rais Sam Nujoma wa Namibia alifika hapo na kuzindua bamba la kuwakumbuka wahanga wa utawala wa Kijerumani nchini mwake. Mwaka 2009 kando ya tembo ilijengwa kumbukumbu nyingine, kwa mawe yaliyoletwa kutoka jangwa la Omaheke, ambako Waherero walifukuzwa kufa kwa kiu baada ya mapigano ya Ohamakari mwaka 1904.

Mabadiliko hayo yaliwezekana kwa sababu ya uamuzi ambao Behn aliufanya kwa nia nyingine kabisa. Alichonga mnyama, na mnyama hana bendera. Alidhani anaiombolezea himaya, kumbe aliacha umbo ambalo wajukuu wa waliotawaliwa wangeweza kulisimamia bila ya kuinamisha kichwa.

Hata hivyo, kumbadilishia tembo jina hakulipi deni lote. Bamba la Nujoma na mawe ya Omaheke yanawakumbuka watu wa Namibia, na ni haki yao. Waliokufa Maji Maji na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza bado hawana kitabu chenye majina kama kile cha Wajerumani 1,500. Waingereza nao hawakufanya vyema zaidi. Sanamu za askari walizoziweka Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1920, kazi ya mchongaji wao James Alexander Stevenson, zinawasifu askari na wapagazi wa Kiafrika kwa jumla, na ile ya Nairobi inamwonyesha mpagazi akiwa miongoni mwa watu watatu. Haina jina la hata mmoja.

Majina hayo, kama bado yapo, yamo majumbani, katika boma za Wateso na Wasamia pande zote mbili za mpaka, kwa wazee waliosimuliwa na baba zao kwamba fulani alichukuliwa na hakurudi. Behn alisikia neno letu na akaliandika. Majina ya waliokuwa wakilitamka hakuyaweka popote kwenye mnara wake, na kwa familia zilizongojea hadi leo, hilo limedhuru.